Siku chache za wawili Malta na Gozo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanandoa na wachumba wa Afrika Mashariki, pamoja na ndugu zetu walioko Ghuba na Ulaya, huniuliza wanapopanga mapumziko mafupi Malta. Nimejibu kama ninavyomjibu mdogo wangu: jambo lisilofaa nimesema halifai. Bei na ratiba hubadilika, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kulipa.

Kwa nini Malta, wakati Mediterania ina visiwa vingi?

Kwa sababu ni ndogo na imejaa mambo. Malta yenyewe, Gozo na Comino kwa pamoja ni kilomita za mraba 316, haifiki hata robo ya Unguja. Ndani ya eneo hilo kuna mahekalu ya mawe yaliyojengwa kabla ya piramidi za Misri, ngome za mashujaa wa dini, na mji mkuu mzima, Valletta, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1980. Wenye likizo ya juma moja hawana muda wa kuumaliza barabarani. Hapa asubuhi mnatembea vichochoro vya Mdina, mji wa kale wenye kuta, na jua likipoa mko majini.

Ila kama mnachotamani ni ufuo mrefu wa mchanga mweupe na minazi, bakini Nungwi au Diani, mtafurahi zaidi. Malta ni nchi ya mawe. Fukwe za mchanga zipo lakini chache, na mwezi wa Agosti hupati hata pa kutandika taulo.

Siku ngapi zinatosha?

Ninapendekeza mlale siku tano: tatu Malta na mbili Gozo. Hili la kulala Gozo nalisisitiza kuliko jingine lolote katika ukurasa huu. Wageni wengi huvuka asubuhi, huzungushwa kwenye basi la wazi, hupiga picha na kurudi jioni. Wakishaondoka, kisiwa hubaki na wenyewe: wazee wanakaa mbele ya kanisa, watoto wanacheza mpira uwanjani, na mezani hakuna anayewaharakisha mwinuke. Mlichosafiria, yaani kuwa pamoja bila fujo, kiko hapo.

Mkiwa na siku tatu tu, msigawanye. Laleni sehemu moja, ama Valletta ama Gozo, na mkubali kuacha vingine.

Viza inapatikanaje?

Malta imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Desemba 2007. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, hata kama anaishi Uingereza au Dubai kihalali. Inaruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Ombi hupelekwa katika nchi unayoishi. Kwa kuwa Malta haina ubalozi kila mahali, ulizeni kwanza ni ofisi gani inayopokea maombi yake hapo mlipo. Mara nyingine nchi nyingine ya Schengen huifanyia kazi hiyo.

Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bila kuhesabu malipo ya kituo cha kupokelea maombi. Kila mmoja wenu anajaza fomu yake. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakize miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka, na iwe na kurasa mbili tupu. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Siku 15 hizo ni chache mno; miezi miwili au mitatu kabla ndiyo salama.

Kinachowaangusha wengi ni maelezo yasiyoshikana. Barua ya kazi inasema likizo ya siku saba, bukingi ya hoteli inasema kumi, tiketi inasema nane. Pangeni tarehe kwanza, kisha karatasi zote zifuate tarehe hizo. Fedha zilizoingizwa benki kwa mkupuo wiki moja kabla ya ombi hazimshawishi ofisa yeyote. Anatazama mwenendo wa miezi kadhaa. Na msinunue tiketi isiyorudishwa fedha kabla viza haijatoka.

Cheti cha ndoa kinahitajika?

Kwenye viza kinasaidia, hasa pale mmoja anapomgharamia mwenzake: ambatanisheni nakala ya cheti, barua ya anayegharamia na taarifa yake ya benki. Wachumba wanaweza kuomba pia, kila mmoja kwa uwezo wake. Hotelini hakuna atakayekuuliza uhusiano wenu. Wataangalia pasipoti basi.

Tunafikaje?

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe au Kigali. Njia nyepesi ni kupitia Istanbul. Mkipitia Roma au Frankfurt, ukaguzi wa kuingia Schengen mtafanyiwa huko huko, kwa hiyo msichukue ndege ya kuunganisha yenye nafasi ya saa moja. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha za wageni, na foleni zimekuwa ndefu kidogo.

Walioko Italia wana njia tamu zaidi. Kutoka Pozzallo, kusini mwa Sicily, boti iendayo kasi inafika Valletta kwa chini ya saa mbili, na viza ni ile ile. Kuingia bandari kuu ya Valletta kwa maji, ngome za mawe ya rangi ya asali zikiinuka pande zote mbili, ni mapokezi ambayo uwanja wa ndege hauwezi kuwapa.

Msimu upi ni mzuri?

Mei, Juni, na kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 kila siku na bei hupanda. Msidhani kwa kuwa mmezoea joto la Tanga au Mombasa mtalimudu kirahisi. Barabara hazina kivuli na mawe yanatema joto hadi usiku. Septemba bahari bado ina joto la kiangazi chote huku umati umepungua. Desemba hadi Februari ni baridi yenye upepo na mvua za hapa na pale. Kwa kutembea mjini inafaa, kwa kuogelea hapana. Nyumba nyingi za zamani ni baridi ndani kuliko nje, basi ulizeni kuhusu hita kabla ya kulipa.

Tulale wapi tukiwa Malta?

Valletta, kama mfuko unaruhusu. Mchana mji umejaa wageni wa meli, usiku unatulia. Birgu, ng'ambo ya bandari, ni kimya zaidi na mara nyingi nafuu. Sliema ina hoteli nyingi na kivuko kinachowafikisha Valletta kwa dakika chache. Paceville, ndani ya St Julian's, ni mtaa wa vilabu vya usiku. Kwa fungate nawaombeni muuepuke.

Mambo mawili ya kuuliza kabla ya bukingi. La kwanza, ngazi: nyumba za kale ni nyembamba na ndefu, na chumba kizuri kinaweza kuwa ghorofa ya nne bila lifti. La pili, ujenzi: Malta inajengwa kila kona, na mashine za kuvunja mawe huanza kazi mapema. Someni maoni ya wageni wa miezi ya karibuni.

Usafiri wa ndani ukoje?

Mabasi yanafika karibu kila mahali na kuna kadi ya siku saba kwa wageni. Kituoni inueni mkono, vinginevyo dereva anapita. Kiangazi basi likijaa halisimami kabisa, na hapo ndipo Bolt inapowaokoa. Programu ni ile ile mnayoitumia nyumbani. Magari yanaendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, ila barabara ni finyu na maegesho ni vita. Kwa Malta sikodishi gari. Kwa Gozo nakodisha bila kusita.

Siku moja Valletta tuitumieje?

Anzeni mapema kwenye kanisa la St John's Co-Cathedral, kabla makundi ya meli hayajafika. Mji huu ulianzishwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, chama cha wapiganaji wa Kikatoliki, kulishinda jeshi la Waosmani lililouzingira kisiwa, na ukapewa jina la mkuu wao, Jean de Valette. Kanisa hilo kwa nje ni kavu kama ghala la jeshi. Mkiingia, dhahabu imefunika kuta, na sakafu yote ni makaburi ya mashujaa, kila moja likiwa picha ya marumaru za rangi: mafuvu, malaika, ngao za ukoo. Ndiyo maana viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi.

Kisha nendeni chumba cha Caravaggio, mkae. Mchoraji huyo alikuja Malta mwaka 1607 akikimbia kesi ya mauaji Roma, na mwaka uliofuata akachora kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji, picha kubwa kuliko zote alizopata kuchora. Tazameni chini, damu inapomtoka Yohana shingoni na kusambaa sakafuni: jina la mchoraji limeandikwa kwa damu hiyo hiyo. Ndiyo picha pekee aliyotia saini. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wa 1608 alitoroka kwenye ngome ya St Angelo alikokuwa amefungwa, na mashujaa wakamfukuza katika chama chao. Watu wengi hupita mbele ya picha hii kwa dakika mbili. Nawasihi mkae nusu saa, maana kadiri macho yanavyozoea kiza ndivyo watu wa pembeni wanavyojitokeza, wale wafungwa wawili wanaochungulia dirishani.

Jumapili kanisa halipokei watalii, kwa hiyo pangeni siku nyingine.

Saa sita mchana muwe bustani ya Upper Barrakka, mzinga unapolipuliwa juu ya bandari. Mkichelewa, kuna mwingine saa kumi. Hapo hapo kuna lifti inayoshuka hadi majini, na chini mtakuta mashua ndogo za kienyeji ziitwazo dgħajsa zinazovusha watu kwenda Birgu kwa euro chache. Chukueni hiyo badala ya kivuko kikubwa. Mnakaa wawili na nahodha, ngome ziko juu yenu.

Na mahekalu ya kale?

Ħaġar Qim na Mnajdra yako juu ya bahari kusini mwa Malta, na mandhari yake peke yake yanatosha safari. Lile la chini ya ardhi, Ħal Saflieni Hypogeum, ni makaburi ya ngazi tatu yaliyochongwa mwambani maelfu ya miaka iliyopita. Wanaingia watu 10 kwa kundi, na wasiozidi 80 kwa siku, ili pumzi za wageni zisiharibu michoro ya rangi nyekundu ukutani. Tiketi huisha wiki nyingi kabla. Siku mnayopata viza, nunueni tiketi hiyo kabla hata ya hoteli.

Gozo tunafikaje, na tufanye nini?

Kivuko kinaondoka Ċirkewwa, kaskazini mwa Malta, usiku na mchana, na kinachukua dakika kama 25 hadi bandari ya Mġarr. Wakati wa kwenda hamlipi chochote. Nauli ya kwenda na kurudi mnalipa mkiwa mnatoka Gozo, kwa hiyo msihangaike kutafuta dirisha la tiketi. Kuna pia boti ya kasi kutoka Valletta yenyewe, dakika kama 45, nzuri kwa wasio na gari.

Katikati ya kisiwa, mjini Victoria, kuna ngome ya Ċittadella. Pandeni ukutani, mtaona Gozo yote, makanisa yakijitokeza kila kijiji. Mwaka 1551 maharamia wa Kiosmani waliivamia Gozo na kuondoka na watu wapatao 5,000 utumwani, karibu kisiwa kizima. Kwa karne moja hivi baada ya hapo sheria iliwataka wakazi walale ndani ya ngome hii. Sisi tunaotoka pwani yenye Bagamoyo na Mkunazini tunasimama pale kwa moyo tofauti na wageni wengine.

Hekalu la Ġgantija, karibu na Xagħra, lilijengwa takriban mwaka 3600 kabla ya Kristo. Liguseni kwa macho tu, msiliegemee.

Upande wa magharibi ni Dwejra. Lile dirisha la mwamba mnaloliona kwenye picha za zamani liliporomoka kwa dhoruba tarehe 8 Machi 2017, halipo tena, ingawa bado wapo wanaouza safari kwa picha yake. Nendeni hata hivyo, jioni. Magari ya watalii yanakuwa yameondoka, na jua linazama moja kwa moja baharini.

Ninachokipenda zaidi Gozo ni mashamba ya chumvi ya Xwejni, mwendo mfupi kutoka Marsalforn. Ni mamia ya vibwawa vya miraba vilivyochongwa kwenye mwamba laini ufukweni, na familia zilezile hurithishana kazi hiyo. Kiangazi maji ya bahari yakikauka, chumvi hufagiwa kwa mifagio, ikarundikwa vichuguu vyeupe na kufunikwa turubai ikisubiri kubebwa. Simameni kando, msikanyage kuta za vibwawa. Siku isiyo na upepo unasikia fagio likikwaruza mwamba, krr, krr, na mwenye kazi akiwaona mmetulia huenda akawaita muonje chembe zilizokauka siku hiyo. Chumvi wanaiuza hapo hapo kando ya barabara.

Kwa kulala, tafuteni nyumba za shamba zilizogeuzwa za wageni, zenye kuta nene na bwawa dogo uani, vijijini Għarb au Xagħra. Msimu wa kati, usio wa kilele wala wa baridi, bei yake hushindana na chumba cha kawaida cha hoteli.

Blue Lagoon ya Comino ni lazima?

Hapana. Maji yake ni ya buluu kweli, lakini kiangazi unayaona kati ya vichwa vya watu. Kwa sababu ya msongamano, tangu 2025 idadi ya watu imewekewa kikomo na kila mgeni anatakiwa kujisajili mapema mtandaoni. Mkiitaka sana, fikeni asubuhi na mapema au laleni Gozo na muende jioni. Mimi ningewapeleka Ħondoq ir-Rummien, ghuba ndogo ya Gozo inayotazamana na Comino. Mnaogelea maji ya mkondo ule ule, na mnapata pa kukaa.

Bahari yao ikoje kwa sisi wa Bahari ya Hindi?

Jambo la kwanza litakalowashangaza: maji hayapwi wala hayajai, tofauti ni ya vidole vichache tu. Hamna haja ya kuuliza bamvua wala maji mafu. Mnaogelea saa yoyote. Kinachotawala ni upepo. Wenyeji wakiona upepo unatoka kaskazini-magharibi wanahamia fukwe za kusini-mashariki, na ukigeuka nao wanageuka. Waulizeni wenye hoteli kila asubuhi.

Mahali pengi mtaingilia majini kwa ngazi za chuma zilizofungwa mwambani, na kina kinaanza pale pale. Asiyejua kuogelea achague fukwe za mchanga: Għadira kule Mellieħa, ambayo ina maji ya magotini kwa umbali mrefu, au Ramla l-Ħamra ya Gozo, yenye mchanga mwekundu. Bebeni viatu vya mpira kwa ajili ya mawe na miiba ya urumba, na mkiona viwavi vya bahari vimeletwa na upepo, tokeni. Bendera nyekundu ni amri, hata kama bahari inaonekana shwari.

Tutakula nini? Halali inapatikana?

Mnaanza siku na pastizzi, vitumbua vya unga wa tabaka vinavyovunjika mkononi, ndani jibini laini au njegere zilizopondwa. Ni chakula cha bei ndogo kabisa kisiwani na kinashibisha. Mchana ulizeni ftira, mkate uliopakwa nyanya na kujazwa jodari, zeituni na kepa. Sungura wa mchuzi ndiye chakula cha sherehe. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Desemba ni msimu wa lampuki, ambaye ni fulusi wetu yule yule. Wanamkaanga au kumfunika ndani ya pai yenye mboga. Jumapili nendeni soko la Marsaxlokk. Mashua zao, luzzu, zimechorwa jozi ya macho kwenye omo, na mtu wa Lamu hataacha kuyatambua. Na kwa kuwa tende hatuzikosi kwetu, onjeni imqaret, vimaandazi vya tende vya kukaanga.

Waislamu wawe waangalifu na pastizzi, kwa sababu baadhi ya watengenezaji hutumia shahamu ya nguruwe kwenye unga. Ulizeni kila duka. Sungura na nyama za mikahawa ya kawaida hazichinjwi kihalali. Samaki wapo kila mahali, ila ulizeni kama amepikwa kwa mvinyo. Mikahawa ya Kituruki na ya Kiarabu yenye nyama halali ni mingi Msida na Sliema.

Tunaweza kusali?

Msikiti mkubwa uko Paola, karibu na Hypogeum, kwa hiyo Ijumaa mnaweza kuunganisha. Wakristo wako nyumbani: nchi ina makanisa zaidi ya 350 na misa ya Kiingereza haikosi. Kisiwa hiki ndicho Melita cha Matendo ya Mitume sura ya 28, alikotupwa Mtume Paulo na chombo kikavunjika. Pango la Rabat ambako mapokeo yanasema alikaa linapokea waumini hadi leo, na sikukuu ya kuvunjikiwa chombo huadhimishwa tarehe 10 Februari. Makanisani funikeni mabega na magoti, wote wawili.

Kiangazi kila kijiji kina sikukuu ya mtakatifu wake, na fataki zinaanza asubuhi kabla hamjaamka. Jioni yake ni nzuri sana: bendi, taa, sanamu ikibebwa mabegani. Tafuteni moja, lakini msilale mtaa ule.

Lugha itatusumbua?

Hapana. Kimalta na Kiingereza zote ni lugha rasmi, na karibu kila mtu anazungumza Kiingereza.

Sisi ni Waafrika. Tutapokelewaje?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu waziwazi. Hotelini, mikahawani na kwenye vivutio mtahudumiwa vizuri. Lakini Malta iko kwenye njia ya wahamiaji wanaovuka kutoka Libya, na siasa za jambo hilo zimeacha chuki kwa baadhi ya watu. Mwaka 2019 mhamiaji kutoka Ivory Coast aliuawa kwa risasi akitembea barabarani Ħal Far, na mashtaka yalisema alilengwa kwa rangi yake. Wengi kisiwani walihuzunika na kuandamana. Huenda mkatazamwa kwa muda mrefu kwenye basi, au mkaombwa pasipoti huku watu wengine hawaombwi. Bebeni nakala zake na ya viza, jibuni kwa utulivu, na mkitendewa vibaya mlalamike rasmi. Namba ya dharura ni 112. Waafrika wanaoishi na kufanya kazi hapo ni wengi, hasa Marsa na Ħamrun, na maduka yao yana unga, viungo na mafuta ya nywele mliyoyasahau nyumbani.

Tuweke bajeti kiasi gani?

Fedha ni euro tangu 2008. Chumba kizuri cha wawili msimu wa kati kwa kawaida ni kati ya euro 90 na 160 kwa usiku. Sahani ya mgahawa wa kukaa ni euro 15 hadi 30. Mkila kifungua kinywa cha pastizzi, mchana ftira, na jioni mkae mezani vizuri, wawili mnajitosheleza kwa euro 70 hivi za chakula kwa siku. Mashine ya kutolea fedha ikiwauliza mkatwe kwa shilingi au kwa euro, chagueni euro. Wakibadilisha wao mnapunjwa.

Fedha ya kuongeza raha iwekeni kwenye chakula kimoja cha jioni Mdina au Xlendi ya Gozo, na safari ya mashua. Msiimalizie kwenye makumbusho ya nta na vivutio vya watoto.

Chaja, maji, simu?

Soketi ni za pini tatu bapa kama za Kenya na Tanzania, hamhitaji adapta. Maji ya bomba ni salama, ladha yake si nzuri kwa sababu mengi yametolewa chumvi ya bahari. Wenyeji wengi hununua ya chupa. Laini ya simu ya wageni inauzwa uwanja wa ndege.

Tuwaambie hotelini kwamba ni fungate?

Waambieni, na mapema, kwa barua pepe. Hoteli ndogo za familia hufanya bidii: chumba chenye roshani ya mbao inayotazama mtaa, au meza ya mwisho karibu na maji. Ombeni mnachokitaka hasa, kwa sababu mtu akiachiwa abuni mwenyewe atawawekea maua ya waridi kitandani na kuishia hapo.

Siku ya kuondoka tupange vipi?

Laleni Gozo mwanzoni au katikati ya safari, usiku wa mwisho muwe Malta. Uwanja wa ndege uko Luqa, na kutoka Gozo hesabuni saa mbili mpaka mbili na nusu mkijumlisha foleni ya kivuko na barabara. Upepo mkali wa kaskazini-mashariki ukivuma, hasa majira ya baridi, boti ya kasi husimama kwanza, na kivuko kikubwa nacho kinaweza kusimama kwa saa kadhaa. Aliyepanda ndege ya alfajiri baada ya kulala Valletta anafika kwa Bolt ndani ya dakika 20. Duka la uwanjani lina chumvi na asali ya Gozo kwa bei ya juu, kwa hiyo nunueni kule kule vijijini, na asali muiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.